Nusu Saa Iliyopotea Njia ya Kasungami

Jana walikuja tena watatu, watoto wa jirani hapa Kampemba, kitabu kimoja kati yao. Nilikuwa nimeketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wakaniambia, "Madame, tuko na problème ya kuenda na kurudi," nikasimama. Sijui kufundisha jambo hilo nikiwa nimekaa. Chaki nimeshaiacha, pensheni naingoja kama wenzangu wote, lakini miguu haijapata habari kwamba kazi imekwisha.

Wakasoma. Mtu anakwenda kwa baiskeli, kilomita kumi na mbili kwa saa. Anarudi njia ileile kwa miguu, kilomita nne kwa saa. Wastani wa mwendo wake wa safari nzima ni ngapi? Mkubwa wao akajibu hata mwenzake hajafunga mdomo: nane. Wale wengine wakatikisa kichwa, naam, nane. Kumi na mbili na nne ni kumi na sita, gawa kwa mbili, haya, twende tukacheze mpira.

Nilikasirika, nawaambieni ukweli. Hawakunielewa, maskini, walidhani wamenikosea adabu. Hiyo nane naijua mimi. Niliwahi kuiona ikiingia katika nyumba ya watu na kufanya mambo ambayo namba haipaswi kufanya. Nitawaeleza ninyi mnaosoma, wao nao watasoma, maana jana niliwafukuza kabla sijamaliza.

Shuleni hawakuniita kwa jina langu. Waliniita Madame Aller-Retour, yaani Kwenda-na-Kurudi, kwa sababu nilitoka dirishani kwenda mlangoni na kurudi tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Waliokaa mbele walisema wanapata kizunguzungu. Mwenzangu wa kemia, mama mnene mwenye subira, aliniambia kila wiki, "Haraka haraka haina baraka, mama." Nami nikamjibu kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Tukaendelea hivyo miaka na miaka, kila mmoja na methali yake, na hakuna aliyebadilika.

Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha vibaya. Niliandika ubaoni kwamba umbali ni mwendo mara muda, nikazungushia duara, nikaona kazi imekwisha. Wanafunzi wakakariri kama sala. Ukiwapa swali, wanawinda namba mbili ndani ya sentensi na kuzizidisha. Namba zikiwa tatu wananitazama mimi, kana kwamba nimewafichia kitu.

Aliyenitoa hapo ni Prof Musonda, mwalimu mwenzangu, mzee mwembamba aliyebakiza muda mfupi astaafu, mwenye kofia ambayo hakuivua hata mbele ya mkaguzi. Alisimama mlangoni mwangu, akasikiliza kidogo, akasema, "Madame, batoto bako banalala. Ubapeleke inje."

Tukawapeleka uani. Akachagua mvulana mwenye mbio, akamwambia akimbie mpaka ukutani. Yule akafika mara moja. Prof akamfuata, akamtwika mfuko wa mchanga wa mafundi waliokuwa wakijenga choo, akamwambia arudi. Tukangoja. Kijana anakuja, anasimama, anautua mfuko, anaupandisha tena begani, anatembea hatua chache, anautua. Darasa zima likaanza kuchoka kwa niaba yake. Alipofika, Prof akauliza, "Wapi alikawia sana, kuenda ao kurudi?"

"Kurudi," wakasema wote.

"Njia ilikuwa moja?"

"Moja."

"Sasa juu ya nini munapatia kuenda na kurudi heshima moja?"

Nilikuwa na diploma yangu ukutani na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Mwendo wa polepole unakaa nawe muda mrefu zaidi, wanangu. Ule wa haraka unapita tu, unakusalimia na kwenda zake. Kwa hiyo jibu halikai katikati. Linavutwa upande wa polepole, siku zote. Ukiona umepata katikati kamili na miendo miwili haifanani, futa, anza tena, usinionyeshe.

Prof Musonda ndiye aliyenifundisha na hii ninayowapa bure. Usianze na safari nzima. Chukua kilomita moja tu. Kilomita moja ya kwenda inakula dakika ngapi? Kwa mwendo wa kumi na mbili kwa saa, inakula dakika tano. Kilomita hiyohiyo ya kurudi, kwa mwendo wa nne? Dakika kumi na tano. Basi kila kilomita ya njia hiyo, kwenda na kurudi, inakula dakika ishirini. Sasa swali umelishika shingoni. Wakikupa umbali, zidisha. Wakikupa muda wote na kukuuliza umbali, gawanya. Wakitaka wastani, umetembea kilomita mbili kwa dakika ishirini, kwa saa nzima ni sita. Sita, wala si nane. Hakuna x, hakuna y, hakuna mtu aliyekufa.

Tena msisahau kusimama. Vitabu vyetu vilitoka mbali, na ndani yake kulikuwa na treni za Ulaya zinazotoka mji huu kwenda mji ule bila hata kukohoa. Nilikuwa na mwanafunzi wa Kambove, baba yake dereva wa lori la mawe ya mgodi, aliyesimamishwa kwenye kila kizuizi cha barabara. Akanyoosha mkono. "Madame, hii treni haikusimama ku bariyeri?" Nikasema hapana. "Hata moja?" Hata moja. Akaweka kalamu chini. "Bon. Hii problème ni ya bantu bengine."

Tulicheka mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia. Tangu siku hiyo nikawa natunga maswali yangu mwenyewe: lori linakwenda Kambove tupu na kurudi limejaa, limesimama bariyeri dakika kadhaa, dereva amekula. Kusimama kunaongezwa kwenye muda, hakuongezwi kwenye njia. Kuna kijana aliyewahi kuniandikia bariyeri kama kilomita. Nilimpa nusu ya maksi kwa ujasiri.

Naona nazunguka. Nilisema nitawaeleza nane hiyo iliingia nyumba ya nani; ni ya kina Ngalula, mwanafunzi wangu, na kila nikifika karibu naye naenda kando. Haya.

Ngalula alikuwa kwangu mwaka wa sita, mwaka wa diploma. Msichana wa maneno machache, mwandiko mzuri, si wa kwanza wala wa mwisho. Wazee wake walitoka Kasai zamani, kama wangu. Baba yake, ambaye sote tulimwita Papa Ngalula kwa jina la huyo binti yake wa kwanza, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja wa Kivu. Mama yake aliuza mboga soko la Kampemba. Mwaka ule mama akaumia mgongo. Kukaa na kuuza aliweza, kusukuma mzigo hakuweza tena.

Basi kila alfajiri Ngalula alipanda baiskeli tupu kutoka pale sokoni, ambapo ndipo walipokaa, mpaka shamba la shangazi yake upande wa Kasungami. Kilomita sita. Shangazi alikuwa amekwisha kata na kufunga, kwa hiyo kupakia hakukuchukua muda. Lakini lengalenga, mchicha wa kwetu, yenye umande ni nzito sana, na baiskeli ikishajaa hivyo huipandi tena. Unatembea kando yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti, kama wanavyofanya watu wa makala, wale wauza mkaa. Alitoka saa kumi na moja alfajiri. Kengele yetu ililia saa moja na robo. Na kila siku ya Mungu Ngalula alifika saa moja na nusu, blauzi nyeupe safi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

Geti letu lilikuwa na mwenyewe, mkurugenzi wa nidhamu. Wanafunzi walimwita DD, directeur de discipline kwa ufupi, nasi pia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundisha historia kabla ya kupewa funguo, na aliamini kwamba akimfungulia mmoja atawafungulia wote. Ijumaa moja akamwita baba yake Ngalula ofisini, pamoja na binti. Mimi nilikuwa darasani, sikujua. Niliyasikia baadaye kwa Ngalula, na kwa DD mwenyewe ambaye hakuona aibu kuyarudia.

DD alichukua karatasi. "Papa, tuhesabu sawa bantu bakubwa. Kinga, baiskeli yake, bila muzigo, kilomita kumi na mbili kwa saa. Kusukuma ni kutembea kwa miguu, kilomita ine kwa saa. Moyenne ni nane. Kuenda na kurudi, kilomita kumi na mbili. Ugawe na nane: dakika makumi kenda. Anatoka saa kumi na moja, saa kumi na mbili na nusu iko ku soko. Anavaa, anakuya, saa moja kamili iko hapa mbele yangu. Anafikaka na nusu. Sasa ile nusu saa, Papa, anaipelekaka wapi?"

Akamgeukia msichana. "Njia ya mwongo ni fupi, mama. Useme."

Ngalula akasema, "Sikusimama fasi."

Kwamba hakusimama mahali. Ni hayo tu aliyokuwa nayo. Na ninyi mnaujua mji wetu. Msichana mkubwa akiwa na nusu saa ambayo hakuna anayejua ilikokwenda, hakuna atakayeuliza habari za njia. Watauliza jina la mwanaume. DD akamaliza kwa kusema kwamba Jumatatu akichelewa tena arudishe vitabu. Baba alishukuru, akavaa kofia yake, wakaenda nyumbani, na huko akauliza jina.

Desturi hiyo mnaijua pia. Baba akishaamini kwamba binti yake ana mtu, anamchukua na nguo zake mpaka kwenye uwanja wa huyo mtu, anamwacha pale, watu wa nyumba hiyo wajibu. "Useme jina," Papa Ngalula alimwambia, "nikupeleke kwake na bintu byako." Ngalula hakuwa na jina la kutaja. Kukaa kimya kukahesabiwa kuwa ni kuficha. Akapigwa kwa mkanda.

Jumamosi tulikuwa na masomo ya nusu siku. Aliwahi siku hiyo, maana mama yake alimwambia aache mboga. Masomo yalipokwisha wenzake wakatoka, yeye akabaki kwenye dawati, mkono wa kushoto ameuficha chini. Mimi nilikuwa nafuta ubao. Akaniuliza, "Madame, muntu anaweza kulala wakati anatembea?"

"Kulala vipi?"

"Kulala, hajijue. Anatembea, lakini analala."

Nikamwambia aeleze vizuri. Akaeleza yote, ofisi, karatasi, mkanda, kwa sauti ya mtu anayesoma swali la kitabu. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yakinijia mchana natoka nje ya nyumba. "Na mimi nilihesabu, Madame. Nane. Nilirudilia mara mingi. Ile nusu saa inakosa. Pengine nasinzia mu njia. Pengine niko na ugonjwa."

Mnaona? Hakuwa na mwanaume, hakuwa na uvivu, na alikuwa ameanza kuitafuta nusu saa hiyo ndani ya kichwa chake mwenyewe. Nilihisi hasira mpaka masikioni. Nikampa chaki, kwa sababu nikiandika mimi lingekuwa neno la mwalimu dhidi ya neno la DD. "Kilomita moja," nikamwambia. "Kuenda."

Akaandika tano.

"Kurudi."

Akafikiri. Akaandika kumi na tano. Akajumlisha, ishirini. Akazidisha kwa sita. Akaandika dakika mia moja na ishirini, akaitazama. Saa mbili kamili. Kutoka saa kumi na moja mpaka saa moja. Kuvaa, kutembea mpaka shuleni, saa moja na nusu. Hakuna kilichobaki.

"Njo muda yote?" akauliza, kama ndio huo tu.

"Njo yote."

"Haiko nusu saa?"

"Haikuwakuwa, mama."

Akaweka chaki kwenye ukingo wa ubao polepole, akalia. Nami nikalia, kwa hasira zaidi, nikitoka dirishani kwenda mlangoni.

Nikateremka kwa DD kabla hajafunga ofisi. Nikamwandikia, nikamchorea mistari miwili, nikamtolea mfuko wa mchanga wa Prof Musonda. Alinisikiliza. Halafu akasema, "Madame, moyenne ni moyenne. Uongeze, ugawe na mbili. Hata mutoto wa primaire anajua ile." Nikamwuliza: kama mtu angekwenda kwa ndege na kurudi akitambaa, angegawa kwa mbili vilevile? Akasema huyo mtoto hakupanda ndege. Nilipandisha sauti, naye akapandisha. Mwishowe akasema alichokuwa nacho moyoni: "Na kama nafungua geti, nitaambia bengine nini?" Tukaachana hapo.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwao. Papa Ngalula alikuwa amekaa uani na nguo za kanisani, mtu mzito wa mabega, macho mekundu ya watu wanaokesha. Akasimama kunipa kiti. Sikukaa. Mlangoni niliona mfuko wa nguo, umefungwa kwa kamba, na juu yake viatu vya Ngalula vya shule. Mama yake alikuwa ameketi karibu nao, hatazami mtu.

Nikaeleza. Nilichukua kijiti, nikachora chini. Alifuata kila mstari, hakunikatiza hata mara moja.

"Madame, miye nakuheshimu," akasema. "Lakini chaki inaandika yote. Directeur aliandika, nikaona ni kweli. Weye unaandika, naona ni kweli. Bantu babili ba masomo. Miye namusadiki nani?"

Ningekuwa yeye ningeuliza vivyo hivyo.

"Leo usiku siko mu zamu," akasema. "Kesho nitaenda miye mwenyewe. Ngalula aende ku masomo bila kitu. Kama njia iko na ile nusu saa, nitaiona. Kama haiko, atatoka na ule mufuko."

"Nitakuja," nikamwambia.

"Na kinga gani?"

"Pikipiki ya kukodi mpaka kule. Kurudi nitatembea."

Mama Ngalula akanitazama kwa mara ya kwanza.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari barabarani. Alipanda baiskeli kwa nguvu, mwenye pikipiki wangu akacheka kwamba tunamfuata mzee kama polisi. Tulifika shambani saa kumi na moja na nusu. Shangazi alishangaa kutuona sisi badala ya mtoto, lakini mafungu yalikuwa tayari. Papa Ngalula akayafunga kwa mpira wa tairi, akavuta mpaka baiskeli ikalia. Akaanza kusukuma.

Alitaka kuishinda njia, hilo nililiona wazi. Kipande cha kwanza alikwenda karibu mbio, mzigo ukayumba, baiskeli ikamlalia kwenye mchanga. Tukaiinua. Akaanza tena kwa nguvu ileile, ikalala tena. Mtu mmoja wa makala alikuwa akipita na magunia yake matatu, akamwambia bila kusimama, "Papa, usipigane naye. Umufuate tu." Akamfuata. Ndipo tukaingia katika mwendo wa mzigo, mwendo ambao hauongezeki kwa hasira wala kwa heshima ya mtu.

Mimi niliteseka, wanangu. Miguu yangu haijui kutembea hivyo. Nikawa natangulia, nangoja, narudi, natangulia tena. Mwishowe akasema, "Madame, ubaki upande moja. Unanichokesha." Nikashika nyuma ya kiti nisukume naye, akakataa. Alitaka kuipima peke yake. Jua likatoka. Akina mama wenye mabeseni wakatusalimu, nasi tukawajibu. Kila mara alitoa simu mfukoni, akatazama saa, akairudisha.

Tukapita nyumba za kwanza, tukapita bonde, tukapanda. Jasho lilikuwa limefika kwenye mkanda wa suruali. Akatoa simu tena, na safari hii akasimama. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Ni saa ambayo kwenye karatasi ya DD alitakiwa awe sokoni, mzigo umeshushwa, mtoto anavaa.

Akainua macho. Mbele yetu kulikuwa na kilomita mbili nzima za barabara, nyekundu, inashuka na kupanda tena, na soko halionekani. Hakuwa amesimama mahali. Hakuwa amekaa. Alikuwa mwanaume mwenye nguvu, na alikuwa hapo.

Akaitazama barabara ile muda mrefu. Nami kwa mara ya kwanza nikatulia.

"Njo hii," akasema.

"Njo hii, Papa."

"Nilimupiga juu ya hii."

Alishika usukani, akasukuma, na kilomita mbili zile hatukuzungumza. Saa moja tulikuwa sokoni. Mama Ngalula akapokea mboga, akatutazama usoni mmoja baada ya mwingine, akaanza kufungua mafungu bila kuuliza. Nilidhani mume wake atakwenda kulala. Akanywa maji, akaniambia, "Twende."

Tulifika getini saa moja na nusu, kengele imeshalia, geti limefungwa. DD akaja na funguo zake, akaniona nimejaa vumbi. "Madame, na weye?" Halafu akamwona aliye nyuma yangu.

Papa Ngalula akavua kofia. "Directeur, miye njo nachelewa leo. Nilitoka saa kumi na moja, na ile kinga, na ule muzigo. Nilitembea sawa muntu anafukuzwa." Akavuta pumzi. "Sikukuwa na mwanaume mu njia."

Wanafunzi waliokuwa wamechelewa upande wetu wa geti wakaacha kuzungumza. DD alitazama viatu vya yule baba, akatazama suruali, akanitazama mimi, na nadhani alikuwa akigawa kwa mbili kwa mara ya mwisho maishani. Akafungua, kwetu na kwa wale wote, na habari ya vitabu haikusikika tena.

Ngalula alikuwa uani, mstarini. Baba yake akamwita kwa jina. Akaja, akasimama mbali kidogo, mahali ambapo mkono haufiki.

"Papa," akasema, "nilikuambia sikusimama."

"Uliniambia."

Hakuongeza udhuru, wala kusema kwamba karatasi ilimdanganya. Alisimama pale amevua kofia mbele ya watoto wote wa shule, na binti yake akamtazama mpaka akaridhika, kisha akarudi mstarini.

Hesabu yangu ilikuwa sawa, na siku nzima sikupata furaha yoyote. Niliwaza: mtoto huyu alisema maneno mawili tangu Ijumaa, na yalikuwa kweli. Mistari, mfuko wa mchanga, pikipiki, vyote vilihitajika kwa sababu tu hakuna aliyemwamini. Ndiyo maana nane inanikasirisha.

Lakini nusu saa bado ilitakiwa, maana mboga haziji zenyewe. Papa Ngalula alinifuata shuleni kesho yake akitoka zamu, amekopa baiskeli ya depo. Akauliza kama namba zangu zinaweza kumsaidia. Nikamwambia ndiyo. Zamu yake inakwisha saa kumi na mbili, jirani na soko. Wakati huo Ngalula amekwisha sukuma kilomita mbili, amebakiza nne. Baba apande baiskeli tupu ampokee. Wanakuja kila mmoja upande wake, kumi na mbili na nne, na hapa, wanangu, ndipo mnaruhusiwa kujumlisha: kumi na sita kwa saa. Kilomita nne zinakwisha kwa robo saa. Wanakutana zikiwa zimebaki tatu. Wanabadilishana baiskeli, msichana anapanda iliyo tupu, na saa kumi na mbili na nusu yuko nyumbani. Hakuchelewa tena mpaka alipopata diploma.

Siku ile nilipomaliza kumchorea, niliona lazima nimwambie na upande wa pili, kwa sababu hesabu isiyosema upande wa pili ni nusu ya hesabu. Nikamwambia, "Papa, kilomita tatu zilizobaki zitakuwa zako. Ni robo tatu ya saa ya kusukuma, kila asubuhi, baada ya kukesha usiku mzima."

Akaitazama michoro yangu, akaivaa kofia yake.

"Ni kidogo, Madame," akasema.